Mwongozo Kamili wa Kupanga Kingo za Ukurasa kwa Kazi ya Kuchapishwa

Kazi inapotoka kwa mchapaji ikiwa na uzi mweupe upande mmoja, au namba ya simu ikiwa imepoteza tarakimu ya mwisho, lawama zote huiangukia gilotini, yaani mashine ya kukatia rundo la karatasi. Mara nyingi gilotini haina kosa. Kisu hakipiti juu kabisa ya mstari uliouchora kwenye kompyuta. Hupita jirani yake, na kazi ya mbunifu ni kuzipanga kingo za ukurasa kwa namna ambayo tofauti hiyo ndogo haitaonekana. Wengi wanaokwama hapa si kwamba hawajawahi kusikia habari za ziada ya kukatwa, yaani ukanda wa rangi unaoachwa nje ya ukurasa ili ukatwe na kutupwa. Waliiweka kwenye skrini ikapotea wakati wa kutoa PDF, au walifungua faili kwa ukubwa usio sahihi tangu mwanzo.

Mwongozo huu unafuata kazi moja kutoka faili tupu hadi makabidhiano: kipeperushi cha A5 cha mahafali ya shule, chenye picha inayojaza ukurasa wote. Kijitabu na jalada la kitabu nimeviweka mbele kidogo, kwa sababu vina ukingo mwingine, yaani mgongo, wenye kanuni zake.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Programu ya kubuni yenye sehemu ya kuweka ziada, kama InDesign, Illustrator, CorelDRAW, Affinity, Canva, au Scribus ambayo ni ya bure. Photoshop inawezekana, ila hesabu utazifanya mwenyewe. Word haina sehemu hiyo, na sishauri kuitumia kwa kazi yenye rangi inayofika ukingoni.
- Majibu ya mchapaji kuhusu ukubwa wa mwisho, kipimo cha ziada anachotaka, karatasi anayochapia, na kama anahitaji alama za kukatia, yaani vistari vya pembeni vinavyoonyesha kisu kipite wapi.
- Picha zikiwa katika ubora wake wa asili.
- Programu ya kusomea PDF inayoonyesha ukubwa wa ukurasa.
- Printa ya kawaida ya A4, rula ya chuma na wembe wa kukatia karatasi.

## Mistari mitatu unayopaswa kuitofautisha

Mstari wa kukata ndio ukubwa halisi wa kazi ikiwa mkononi mwa mteja. Kwa A5 ni milimita 148 kwa 210.

Ziada, ambayo mafundi wengi huiita blidi, ni ukanda wa rangi au picha unaoendelea nje ya mstari wa kukata kwa makusudi ya kutupwa. Kipimo cha kawaida ni milimita 3 kila upande. Marekani, wanakopima kwa inchi, hutumia moja ya nane ya inchi, ambayo ni karibu milimita 3.2.

Eneo salama ni sehemu ya ndani ambamo maandishi, nembo na nyuso za watu vinapaswa kubaki. Kwa kipeperushi ninaacha milimita 5 kutoka mstari wa kukata. Kadi ndogo ya biashara inaweza kuvumilia milimita 4.

Sababu ya vipimo hivi iko kwenye mashine. Karatasi huingia kwenye mtambo zikiwa zimesogea kidogo, kila moja kwa kiasi chake, na chapa ya uso wa mbele hailingani kikamilifu na ya nyuma. Baada ya hapo rundo zima hukandamizwa na kukatwa kwa pigo moja, na kisu huweza kuzivuta karatasi za juu tofauti na za chini. Mkengeuko wa milimita 1 hutokea hata mikononi mwa fundi makini, kwa hiyo unapaswa kuuhesabu kuwa sehemu ya kazi na wala si ajali.

## Hatua ya 1: Muulize mchapaji anachapia karatasi gani

Swali hili huachwa na wengi, ilhali ndilo linaloamua kama ziada yako itafika kwenye karatasi au la.

Vipeperushi vinne vya A5 vyenye ziada, vikipangwa viwili kwa viwili, vinahitaji milimita 308 kwa 432. Karatasi ya SRA3 ina milimita 320 kwa 450, kwa hiyo vinaenea na nafasi ya alama za kukatia inabaki. Karatasi ya A3 ina milimita 297 kwa 420 tu, tena printa nyingi haziwezi kuchapa hadi mwisho kabisa wa karatasi. Duka lenye A3 peke yake litakuwa na njia tatu: kupunguza kazi yako kwa asilimia kadhaa, kubana vipeperushi vinne bila ziada, au kuchapa viwili kwa karatasi na kukutoza zaidi.

Ni heri kulijua hilo kabla ya kubuni kuliko siku ya kuchukua mzigo. Kama duka halina SRA3 na bajeti hairuhusu kubadilisha duka, buni kipeperushi chenye ukingo mweupe wa makusudi wa milimita 8 au zaidi pande zote, na utakuwa umelimaliza tatizo bila gharama.

Hatua imekamilika ukiwa na majibu hayo kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

## Hatua ya 2: Fungua faili kwa ukubwa wa mwisho

Andika milimita 148 kwa 210 kwenye upana na urefu, kisha weka milimita 3 kwenye sehemu ya ziada, pande zote nne. Katika InDesign na Illustrator sehemu hiyo imeandikwa "Bleed" kwenye dirisha la faili jipya. CorelDRAW inayo kwenye mipangilio ya ukurasa. Katika Canva, fungua ukubwa wa 148 kwa 210, kisha washa "Show print bleed" kwenye mipangilio ya menyu ya faili.

Usiandike 154 kwa 216 kwenye programu hizi ukidhani umerahisisha kazi. PDF hubeba ndani yake taarifa za ukurasa unakatwa wapi na ziada inaishia wapi. Ukiongeza ukubwa kwa mkono, faili litamwambia mchapaji kuwa kipeperushi chako ni cha 154 kwa 216, naye au programu yake ya kupanga kurasa ataamini hivyo.

Photoshop ndiyo yenye ruhusa tofauti, kwa kuwa haina sehemu ya ziada unapofungua faili jipya. Humo andika 154 kwa 216 kwa ubora wa pikseli 300 kwa kila inchi, ambapo utapata pikseli 1819 kwa 2551. Baada ya hapo weka miongozo ya mstari milimita 3 kutoka kila upande ili uone mstari wa kukata, na umtaarifu mchapaji kwa maneno.

Dalili ya mafanikio ni kuona mistari miwili ukingoni: ukurasa wenyewe, na fremu nyingine nje yake, ambayo kwa InDesign na Illustrator huwa nyekundu.

## Hatua ya 3: Chora eneo salama

Weka pambizo za milimita 5 pande zote, au chora mstatili usiochapika wa milimita 138 kwa 200 katikati ya ukurasa. Kila herufi ikae ndani yake, ikiwemo ile mistari midogo ya anwani na simu ambayo wengi huisukuma chini kabisa ya ukurasa nafasi inapokwisha. Nafasi ikikwisha, punguza maneno.

## Hatua ya 4: Vuta mandhari hadi mwisho wa ziada

Kila kitu kinachogusa ukingo kinapaswa kuvuka mstari wa kukata na kufika mwisho wa ziada: rangi ya chini, picha, pembetatu ya pambo, utepe wa rangi ya shule. Ama kitu kifike mstari wa nje, ama kibaki ndani ya eneo salama. Kuishia kati ya hapo hakukubaliki.

Sogeza skrini karibu, ikuze hadi asilimia 400, kisha zipitie pembe nne moja baada ya nyingine. Hapo ndipo utakapoona jambo linalowatesa watumiaji wa InDesign: fremu imefika kwenye mstari mwekundu, lakini picha iliyomo ndani yake imeishia nusu milimita kabla. Ukiitazama kwa ukubwa wa kawaida huioni, na ukibonyeza W kuangalia kazi ilivyo, programu huificha ziada yote na kukuonyesha ukurasa uliokatwa kikamilifu, jambo ambalo mashine haitafanya.

Ugumu halisi huja picha inapokuwa haina cha kuvuta. Mpiga picha amewabana wahitimu hadi ukingoni, na wewe unahitaji milimita 3 zaidi kila upande. Zipo njia tatu, nami ninazipanga kwa mpangilio huu wa upendeleo.

Ya kwanza ni kuikuza picha kidogo hadi ifunike ziada, kwa uwiano uleule wa upana na urefu. Kabla ya kufanya hivyo hesabu pikseli: urefu wa milimita 216 kwa ubora wa 300 unataka pikseli 2551. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa, na ikikufikia na urefu wa pikseli 1600 itabaki na ubora wa 188 hivi, ambao utaonekana laini kwenye nyuso. Omba itumwe upya kama dokumenti.

Ya pili ni kunakili ukanda wa ukingoni wenye milimita 5, kuugeuza kama kwenye kioo, na kuuweka nje ya picha. Kwa kuwa sehemu kubwa ya ukanda huo itatupwa, macho hayatagundua, mradi uwe ni wa anga, ukuta, majani au pazia. Usiutumie panapokuwa na uso, kidole au maandishi, kwa kuwa kisu kikisogea nje kidogo kitaacha nusu ya kidole cha pili.

Ya tatu ni kuacha kuujaza ukurasa wote kwa picha. Iweke ndani ya eneo salama, juu ya rangi ambayo ndiyo itakayovutwa hadi nje. Wateja wengi hawalalamiki, na mara nyingine kazi hupendeza zaidi.

## Hatua ya 5: Ondoa vitu vinavyofichua mkengeuko

Fremu nyembamba inayozunguka ukurasa karibu na ukingo ndiyo mtego mkubwa, nayo hupendwa mno kwenye kadi za harusi na vyeti. Tuseme fremu iko milimita 2 kutoka mstari wa kukata. Kisu kikisogea milimita 1, upande mmoja utabaki na milimita 1 na wa pili utakuwa na milimita 3, yaani mara tatu zaidi. Hakuna jicho litakalokosa kuliona hilo. Fremu hiyohiyo ikiwa milimita 8 ndani, mkengeuko uleule utaleta 7 na 9, tofauti ambayo wachache wataitambua bila rula.

Kwa hiyo, fremu iwe milimita 7 au zaidi ndani ya mstari wa kukata. Mteja akishikilia kuwa iguse ukingo, ifanye nene, angalau milimita 6 zinazoonekana, na uivute hadi nje ya ziada.

## Hatua ya 6: Toa PDF bila kuipoteza ziada

Hapa ndipo kazi nyingi njema huharibikia. Programu hazitoi ziada zenyewe. Ni lazima uziagize kila mara.

Katika InDesign na Illustrator, fungua sehemu ya "Marks and Bleeds" na uweke alama kwenye "Use Document Bleed Settings". Scribus ina kisanduku kama hicho, "Use Document Bleeds", kwenye sehemu ya matayarisho ya uchapaji. CorelDRAW huita "Bleed limit" na ni lazima uandike kipimo. Canva hutoa ziada pale tu unapochagua "PDF Print" na kuwasha "Crop marks and bleed". Ukipakua kwa njia ya kawaida au kama picha, ziada haimo.

Kuhusu alama za kukatia, fuata alichosema mchapaji. Wengi wanaopanga kurasa kwa programu huziweka wenyewe na hawazitaki zako. Ukitakiwa kuziweka, angalia umbali wake kutoka mstari wa kukata: InDesign huanza na milimita 2.117, kipimo kinachoziingiza alama ndani ya ziada yako ya milimita 3. Badilisha uwe milimita 3 au zaidi.

Onyo kubwa la hatua hii linahusu faili lisilo na ziada kabisa. Mchapaji mwenye haraka ataligundua, na badala ya kukupigia simu atalinyoosha kutoka 148 kwa 210 hadi 154 kwa 216. Upana utakua kwa asilimia 4.05 na urefu kwa asilimia 2.86, hivyo nyuso zitanenepa kidogo. Kibaya zaidi, maandishi yaliyokuwa milimita 4 kutoka ukingo wa pembeni yatasogea hadi milimita 1.2 hivi, na hapo kisu kikisogea milimita 1 tu kitapita ukingoni mwa herufi.

## Hatua ya 7: Kagua PDF yenyewe

Funga programu ya kubuni. Fungua PDF kwenye Acrobat Reader, nenda kwenye sifa za faili, na usome ukubwa wa ukurasa. Bila alama za kukatia unapaswa kuona milimita 154 kwa 216. Kama programu yako inapima kwa inchi, utaona karibu 6.06 kwa 8.50. Ukiona 148 kwa 210, ziada imebaki nyuma. Rudi hatua ya 6. Ukiweka alama, ukurasa utakuwa mkubwa zaidi ya hapo, na utalazimika kutazama kwa macho kama rangi imevuka alama.

## Hatua ya 8: Kata mwenyewe nakala moja

Chapa PDF yenye alama kwenye karatasi ya A4 kwa ukubwa wa asilimia 100. Hakikisha chaguo la kutosheleza karatasi halijawashwa, kwani litapunguza kila kitu na kuifanya sampuli yako idanganye.

Kata upande mmoja sawasawa kwenye alama. Upande wa pili ukate kwa makusudi milimita 1 nje ya alama, na wa tatu milimita 1 ndani. Kipeperushi kilichopangwa vizuri kitapokea makosa hayo yote: hakuna weupe, hakuna herufi iliyobanwa, na mtu asiyejua ulichofanya hataweza kukuonyesha upande ulioharibiwa. Kama upande mmoja unakukera, umejua pa kurekebisha kwa gharama ya karatasi moja.

## Kijitabu cha pini na kitabu cha gundi

Kwa kijitabu, toa PDF ya ukurasa mmojammoja na si kurasa mbilimbili, kisha umwachie mchapaji kazi ya kuzipanga. Idadi ya kurasa za kijitabu cha pini igawanyike kwa 4. Upande wa ndani hauhitaji ziada kwa kuwa haukatwi, lakini pande tatu nyingine zinaihitaji.

Jambo linalosahaulika kwenye kijitabu cha pini ni kwamba karatasi zikikunjwa pamoja, za katikati husukumwa nje. Kijitabu cha kurasa 40 kina karatasi 10. Kwa karatasi ya gramu 80, yenye unene wa karibu milimita 0.1, ile ya katikati hujitokeza kwa karibu milimita 1, na sehemu hiyo hukatwa. Ndiyo maana namba za kurasa zinazoonekana sawa mwanzoni huwa zimekaribia ukingo katikati ya kijitabu. Acha milimita 10 upande wa nje.

Kitabu cha gundi hakifunguki chote. Acha milimita 20 upande wa ndani, na usiweke uso wa mtu wala neno katika mfereji kati ya kurasa mbili.

## Jalada lenye mgongo

Jalada hubuniwa kama kipande kimoja: nyuma, mgongo, mbele. Unene wa mgongo ni nusu ya idadi ya kurasa ukizidisha kwa unene wa karatasi. Kitabu cha A5 chenye kurasa 200 kina karatasi 100. Kwa unene wa milimita 0.1 mgongo ni milimita 10. Upana wa jalada ni 148 + 10 + 148, yaani milimita 306, na pamoja na ziada faili litatoka likiwa 312 kwa 216.

Unene huo usiukisie. Karatasi za gramu sawa hutofautiana kwa unene, na kosa dogo kwa karatasi moja hukua mara 100. Mwombe mchapaji akupimie kwa karatasi atakayotumia. Maandishi ya mgongoni yaache milimita 2 kila upande, na epuka kubadilisha rangi sawasawa kwenye mkunjo, kwa sababu mkunjo nao husogea kama kisu kinavyosogea.

## Kumkabidhi mchapaji

Ambatanisha maelezo mafupi kama haya: "Kipeperushi A5, pande 2. Ukubwa wa mwisho 148 × 210 mm. Ziada 3 mm kila upande. PDF ni 154 × 216 mm, haina alama za kukatia. Chapa kwa asilimia 100, usinyooshe."

Omba akukatie nakala moja kabla rundo halijaingia kwenye gilotini. Pima kwa rula umbali kutoka maandishi hadi ukingo pande zote nne, mbele na nyuma. Tofauti ikizidi milimita 1 kutoka ulichobuni, arekebishe mpangilio kwanza. Kama rundo limeshakatwa na weupe unaonekana, kuna suluhisho moja kabla ya kuchapa upya: kazi yote ipunguzwe milimita 2 kila upande, iwe 144 kwa 206. Kama uliacha milimita 5 za eneo salama, bado utabaki na 3.